Tuwataje wa Komanda katika sala

Usiku wa kuamkia Jumapili, 27 Julai 2025, waasi wa ADF walivamia parokia ya Kikatoliki ya Komanda, mkoani Ituri, Kongo, wakaua zaidi ya watu 40, watoto wakiwamo. Waumini walikuwa kwenye mkesha wa sala. Parokia hiyo imewekwa chini ya ulinzi wa Mwenyeheri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Waumini wake wengi husali kwa Kiswahili, kama sisi. ADF wamewaua Waislamu pia, wakiwamo maimamu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuutumia msiba huu kuchochea chuki dhidi ya Waislamu. Maombi ya jumla kwa “wanaoteswa” hayatoshi. Wachungaji na mapadri, Jumapili hii itajeni Komanda madhabahuni, na sadaka iwafikie wajane na yatima.