Kabla uongeze farasi, tafuta wale waliotoroka



Mwezi wa nne mwaka jana niliweka video ya sekunde 40. Wengi mnaikumbuka. Nilikuwa nimeshika ka-valvu kadogo ka shaba, nikasema, "Hii ni shilingi 1,500 tu, na hawa ni farasi wa bure." Mliipenda. Hakuna kitu kingine nimewahi kuweka kikatazamwa kama hiyo video. Leo nimeifuta, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja aliniandikia. Sitamtaja. Ana Impreza WRX ya 2003, aliyonunua kwa akiba ya miaka minne ya kuuza viatu vya mtumba, na kidogo alichoongezewa na mamake. Alifunga ile valvu vile nilionyesha. Hapa Nairobi gari ikawa tamu, akazunguka nayo wiki mbili akitabasamu. Kisha akateremka Mombasa usiku kwa harusi ya dadake. Alipita Mtito Andei, akapita Voi, na mbele kidogo akasikia kelele kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe. Moshi wa buluu nyuma, nguvu zikaisha. Fundi alipofungua injini, pistoni moja ilikuwa imevunjika.

Harusini alifika kwa lori, akiwa amechelewa, suti mkononi. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Brathe, nilikosea wapi?"

Swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu jibu lenyewe nililijua nusu nilipokuwa narekodi, na ile nusu nyingine sikujisumbua kuitafuta. Kwa hivyo wacha nijibu vizuri sasa, hapa mbele ya wote mlioona ile video.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huisikia hiyo moja kwa moja. Altezza iliyoandikiwa farasi 210 kule Japani, ukiiendesha hapa Ngong Road unaendesha kama 175 hivi, hata ikiwa mpya kabisa. Ndiyo maana watu wetu wanapenda turbo. Turbo inakamata hiyo hewa nyepesi na kuisukuma ndani kwa nguvu.

Sasa, turbo ina mlango wake wa kupunguza presha, westigeti. Presha ikifika kiwango kilichopangwa, mlango unafunguka, moshi wa eksozi unapita kando, turbo inatulia. Ile valvu yangu ya 1,500 inachofanya ni kumdanganya huyu mlinzi. Inavujisha kiasi cha presha inayotumwa kwake, kwa hivyo anafikiri kazi bado, anachelewa kufungua.

Hapa ndipo nilipowaangusha. Huyu mlinzi hapimi hewa yote iliyoingia kwa injini. Anapima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Tuchukue mfano umeipanga valvu bari 1 ukiwa Nairobi. Hewa ya nje ni 0.82, ongeza 1, ndani kuna 1.82. Teremka hadi usawa wa bahari bila kugusa kitu. Nje kuna 1, ongeza 1, ndani kuna 2. Umeongeza hewa kwa asilimia 10 hivi na hujashika hata spana. Mwenyewe unajiambia gari inapenda Mombasa Road.

Ongeza joto la Voi, ambalo hata usiku halilali. Ongeza petroli. Hizi gari za turbo za soko la Japani zilipangwa kunywa petroli ya oktani 100 hivi, na ya pampu zetu iko chini ya hapo. Hewa nyingi, joto jingi, oktani kidogo: petroli inawaka yenyewe kabla ya wakati wake, na mlipuko unagonga pistoni kama nyundo. Kompyuta ya gari ina kihisi cha kusikia huko kugonga, na inajaribu kuokoa hali kwa kuchelewesha cheche. Lakini ina mwisho wake. Ikishindwa, pistoni ndiyo inalipa.

Sikuwa pale, na siwezi kuapa kwamba ile injini haikuwa na ufa wake wa zamani. Inawezekana ilikuwa mgonjwa tayari. Lakini hilo nalo linarudi kwangu. Katika sekunde 40, sikusema hata mara moja, "Pima injini yako kwanza."

Huu sasa ndio msimamo wangu, na najua kuna watakaocheka. Gari ya miaka 20 haihitaji kuongezwa nguvu. Inahitaji kurudishiwa zilizopotea. Ile WRX ya Japani ya miaka hiyo ilitoka kiwandani na farasi kama 250. Yako iko na wangapi leo? Hujui. Hata mimi sikujua.

Yangu ni ya 2002. Nilikuwa naamini ni mzima, inataka tu kuamshwa. Baada ya ule ujumbe nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Nikamwambia nataka moto. Akaniuliza, "Kijana, kompresheni ni ngapi?" Nikanyamaza. Akapima silinda zote nne, akanieleza kitu ambacho sikuwahi kufikiria: usilinganishe na namba za kitabu, maana huku juu zitasoma chini. Linganisha silinda na mwenzake. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, shida iko ndani, na hakuna valvu ya kuitibu.

Zangu zilikuwa sawa. Kisha tukaanza kutafuta waliotoroka. Mpira wa vakuamu ulikuwa umepasuka chini ambapo hauonekani. Plagi zilikuwa zimekwisha. Kihisi cha kupima hewa kilikuwa na mafuta, kwa sababu ya ile filta ya mtindo niliyoweka ili gari ipige kelele ya kuvuta pumzi. Tena ilikuwa inavuta hewa ya moto kutoka kando ya injini yenyewe. Nililipia kelele nikapoteza nguvu. Hesabu ilikuwa hivi: kupima kompresheni 2,000, plagi nne 6,000, mipira 400, dawa ya kusafisha kihisi 900, filta ya kawaida 1,500. Jumla 10,800. Kisanduku cha filta cha asili kilikuwa nyumbani, chini ya kitanda.

Wasee, nilipotoka pale nilidhani mzee amenibadilishia gari. Haikuwa imeongezwa kitu. Ilikuwa imerudi nyumbani.

Kwa hivyo kama una bajeti ndogo na gari ya zamani, mpangilio wangu ni huu. Kwanza pima kompresheni na utafute hewa inayovuja. Pili, maliza deni la huduma: plagi, oili, filta ya petroli, na mkanda wa taimingi. Kwa EJ20 huo mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na hadithi inaishia hapo. Kama aliyekuuzia gari hana risiti, chukulia haujawahi kubadilishwa. Tatu, breki na tairi. Najua haziongezi farasi. Lakini gari inayokanyaga barabara vizuri ndiyo inayokufikisha, na tairi ya miaka tisa haijali una farasi wangapi.

Nne, sikiliza kompyuta ya gari. Kwa Subaru nyingi za kuanzia mapema miaka ya 2000, kuna programu ya bure inaitwa RomRaider. Tafuta kebo inayofaa na laptopu, hata ya kuazima, na utaona kama injini inagonga, na kompyuta inarudisha cheche nyuma kiasi gani. Hiyo ni taarifa ya bure ambayo sisi tunaojiita mabingwa wa mitandao hatuwaonyeshi, kwa sababu grafu haipati likes.

Tano, ndiyo sasa uzungumze mambo ya eksozi na kupanga upya kompyuta. Viwili hivyo viende pamoja, kwa mtu anayepima mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kifaa, si kwa pua. Umwambie pia kama gari itateremka Pwani. Asipokuuliza hilo, muulize kwa nini hajakuuliza. Halafu iambie bima yako umebadilisha nini. Usipoiambia, umeipa sababu ya kukataa kulipa siku utakayoihitaji.

Najua jibu la kwanza litakalokuja. "Hizo ni pesa za watu wa Karen, sisi tunajitafuta." Nimesikia. Mimi mwenyewe bado nalala na kitanda nilichotoka nacho kwa mathe. Lakini piga hesabu na mimi. Valvu 1,500. Yule kijana ameambiwa 190,000 kwa injini ya mtumba kutoka Japani, kazi ya fundi haijahesabiwa. Kupima ilikuwa 2,000. Nani hapo ametumia pesa za Karen?

Na kuna jambo lingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Maana yake hakuna WRX ya 2003 nyingine inakuja. Zilizoko ndizo hizi, na kila mwaka zinapungua. Kila moja tunayoiua kwa sababu ya video ya sekunde 40, hiyo imeenda. Wadogo zetu watazisikia tu kwa hadithi.

Mtu ataniambia Subaru ni gari ya rali, imezaliwa kuteswa. Sawa, tuongee rali. Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza wa nne Safari Rally akiwa na Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari na Impreza. Safari ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope na mawe, na wengi wenye mwendo hawakuona mstari wa mwisho. Kila pumziko mafundi walikuwa chini ya gari, wanapima, wanabadilisha, wanakaza. Sisi tumechukua kelele za rali tukaacha kazi ya rali.

Sijasema tusiwe na raha. Napenda sauti ya ile injini kushinda wengine wanavyopenda muziki. Ninachokataa ni huu uongo kwamba nguvu ni kitu cha kubandika. Niliueneza, ukanilipa, na bili ikaenda kwa mtu mwingine.

Ile video iliniletea kama 20,000. Nimemtumia yule kijana zote. Hazitoshi, na hakuziomba. Aliponijibu aliandika, "Asante, lakini iambie mbogi." Ndio nawaambia.

Mkitaka kunifurahisha, msiniandikie kwamba mmekoma kuguza gari. Nendeni mkapime kompresheni wiki hii, kisha mniandikie namba nne hapa chini, na mji mlikopimia. Nairobi tuone, Eldoret tuone, Mombasa tuone. Nitaanza na zangu: 142, 140, 144, 141. Nairobi, injini ikiwa moto.

Zako je?