Tuliomba hesabu, wakatuletea foto

Ndugu na dada wa Kadutu, Ibanda na Bagira, sheria iko wazi. Tangu Sheria ya Madini ibadilishwe mwaka 2018, redevansi ya makampuni ya madini inagawanywa hivi: leta ya Kinshasa 50%, jimbo 25%, komini, sekteri ao sheferi yenye kuchimbwa 15%, na 10% ya vizazi vijavyo. Kijana wa Luhwindja, kwenye zahabu ya Twangiza, iko na haki ya kujua ile 15% iliingia lini na ilijenga nini. Artikle 24 ya Katiba inampa haki ya kupata habari.

Sasa muone vile inaendaka. Tarakimu ziko tayari kwa kompyuta ya karani, zimepangwa vizuri. Anazichapisha, shefu anapiga muhuri, karatasi inapigwa foto imeinama, inawekwa kwenye intaneti. Ndiyo PDF hiyo! Mega zako zinakwisha, na huwezi hata kutafuta jina "Luhwindja" ndani. Ukitaka kujumlisha, andika upya moja moja kwa mkono. Batu wangapi watavumilia?

Kenya, mwaka 2022, tume ya uchaguzi iliweka wazi fomu za vituo zaidi ya 46,000. Tuliwaonea wivu, maana matokeo yetu ya 2018 hatukuyaona kituo kwa kituo hata leo. Lakini zile fomu nazo zilikuwa foto tu: waandishi wa habari walikesha wakiziandika upya, na kila chombo kikatoka na jumla yake.

Jedwali la CSV ni maandishi matupu. Linafunguka kwa simu ndogo ao kwa LibreOffice, bila kulipa, na halitegemei kampuni moja iendelee kuuza programu yake. Uingereza iliamua tangu 2014 kutumia miundo wazi kwa hati za serikali.

Watatuambia bila muhuri batu watageuza tarakimu. Sawa, karatasi yenye muhuri ibaki. Jedwali liwekwe kando yake, kila mutu alinganishe. Hakuna cha kununua.

Kwa hiyo tunaomba serikali ya jimbo la Sud-Kivu: kuanzia bajeti ijayo, mutupatie jedwali lenyewe. Na ile 15%, sheferi kwa sheferi, mwezi kwa mwezi, tangu 2018, ndiyo itangulie.