Nyota wa Sinema Ukutani, Babu Sandukuni



Kuna watu wengi ulimwenguni wanaokusanya picha za kale za wacheza sinema wa Hollywood. Wazinunua kwa fedha nyingi, wazitia katika fremu, wazipigia soga mchana kutwa. Simu ya mkononi imezileta picha hizo hata huku kwetu Kabondo-Dianda, na vijana wazihifadhi kama mali. Wauliza: Kuna ubaya gani? Tuwajibu kwa hoja, wala si kwa kukunja uso.

Kwanza tujue picha hizo ni kitu gani. Makampuni ya sinema ya Marekani yaliwaajiri wapiga picha wao wenyewe. George Hurrell aliingia kampuni ya MGM mwaka 1930, akatumia taa kali na hasi kubwa za inchi 8 kwa 10. Kisha fundi alishika kalamu ya risasi, akafuta juu ya hasi kila kunyanzi na kila doa. Joan Crawford alikuwa na madoadoa mengi usoni. Katika picha aliyopigwa na Hurrell mwaka 1931 halikubaki hata moja. Jina nalo halikuwa lake. Alizaliwa akiitwa Lucille LeSueur. Jina la Crawford lilipatikana mwaka 1925 kwa shindano la wasomaji wa gazeti. Hapo picha zilipelekwa magazetini na kwa mashabiki, ili viti vya sinema vijae.

Sisi Wakatoliki twajua maana ya kuheshimu sanamu. Mtaguso Mkuu wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu humwendea yule aliyechorwa. Ndiyo sababu hatuoni haya mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Basi, heshima ya picha ya Crawford yamwendea nani? Uso umefutwa, jina limebuniwa. Imeishia katika kasha la fedha la kampuni.

Nasi watu wa Katanga tuna sababu nyingine ya kufikiri. Tarehe 1 Julai 1946 Wamarekani walijaribu bomu la atomi kisiwani Bikini. Bomu lile waliliita Gilda, kwa jina la sinema ya mwaka uleule, wakabandika juu yake picha ya Rita Hayworth aliyeicheza. Sasa, sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani ilitumia katika kazi ya mabomu yake ya kwanza ilitoka wapi? Ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uso wa Rita Hayworth wajulikana dunia nzima. Nyuso za wale waliochimba jiwe lile, nani azijua? Majina yao, nani ayataja katika sala?

Mtu atasema: «Unachukia sanaa na historia.» La. John Kobal, aliyefariki mwaka 1991, alizikusanya picha za Hollywood wakati makampuni yenyewe yalipokuwa yakizitupa, akawatafuta wazee waliozipiga, waliokuwa wamesahauliwa. Kazi hiyo ni ya sifa. Tujifunze bidii yake, tuitumie kwa watu wetu. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ameonyesha njia: katika kazi yake iitwayo «Mémoire», ya mwaka 2006, alizitwaa picha za kale za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyochakaa. Mtazamaji alazimika kuwatazama wale watu, na kuuliza walikuwa nani.

Mwingine atasema: «Sisi maskini hatuna picha za kukusanya.» Si kweli. Fungua sanduku la mama. Humo mna picha ya ndoa, ya komunyo ya kwanza, ya kitambulisho cha babu aliyefanya kazi ya reli. Lakini zimelala chini, mchwa wazila, mvua yazilowesha, na nyuma hakuna neno lililoandikwa. Bibi peke yake ndiye azijuaye nyuso zile. Siku akizikwa, nazo zazikwa pamoja naye. Tena tukumbuke miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakapakiwa katika magari-moshi ya reli hii yetu. Nani aliyepata nafasi ya kubeba picha? Mwenye kupoteza picha ya marehemu wake hawezi kununua nyingine sokoni. Picha ya Crawford yaweza kuchapwa tena mara elfu.

Kwa hiyo nasema wazi: Mkristo ajuaye kutaja nyota kumi wa Hollywood, naye hawezi kutaja babu zake wanne, amekosea mpango wa mapendo. Amri ya nne haikuandikwa kwa ajili ya wageni waliopakwa poda.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, kila jumuiya iwaite wazee walete picha zao. Waulizwe: Huyu ni nani? Wapi? Mwaka gani? Jina liandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi laini, wala si kwa wino upenyao. Picha zifungwe katika karatasi safi na kikavu, ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, juu, mbali na sakafu na moshi. Simu ileile iliyobeba nyota wa sinema ipige nakala, na nakala zikae katika nyumba mbili. Wala usimsafishe babu uso kwa ufundi wa simu: makunyanzi yake aliyapata kwa jasho la kukulisha.

Vijana, msingoje Novemba ikiwa bibi ni mgonjwa. Nendeni leo, na kalamu mkononi.