Kalemie: Herufi zikipotea kwenye karatasi, mashini isilaumiwe kwanza

Kalemie, jimbo la Tanganyika. Kila mara tarehe ya kutoa kazi za kumaliza masomo inapokaribia, nyumba za fotokopi za mjini zinajaa watu, na ugomvi unajaa pamoja nao. Kisa ni kile kile. Mwanafunzi amefika na fulashi mkononi, umeme ndio kwanza umerudi, na watu kumi wako nyuma yake kwenye mstari. Kazi yake ina kurasa 84, anataka nakala tano: ni karatasi 420. Zinapotoka, maneno yamekatwa. Penye «financement» pamebaki «nancement», penye «profit» pamebaki «pro t», na kwingine kuna visanduku vitupu tu.

Mwanafunzi anasema mashini ya duka ni mbovu. Mwenye duka anasema faili ndiyo mbovu. Karatasi zimekwenda, wino umekwenda, na biro ya chuo haingoji mtu. Nani alipe?

Mara nyingi mwenye duka ana haki kuhusu faili, lakini hana haki kuhusu pesa. Na chuo, ambacho hakipo kwenye ugomvi huo, nacho kina sehemu yake ya kosa.

Kwanza jambo lenyewe lieleweke. Umbo la herufi linaitwa fonti. Kwa Kifaransa linaitwa «police», na kwa sababu hiyo wengi wanaogopa wakiona ordinateri inaandika kwamba imeshindwa kutoa «police» iliyo ndani ya faili. Hakuna askari hapo. Faili ya PDF ni kama mzigo wa msafiri: inatakiwa kubeba ndani yake kila kitu itakachohitaji njiani, pamoja na maumbo ya herufi. Ikiwa imebeba fonti zake, itaonekana sawasawa Kalemie, Lubumbashi na Kinshasa. Ikiwa haikubeba, mashini ya ugenini itatafuta fonti inayofanana na kuiweka mahali pake. Hapo ndipo herufi zinabadilika umbo, na nafasi kati yake zinaharibika.

Kuna na shida ya pili, ambayo ni mbaya kuliko hiyo. Fonti imo ndani ya faili, lakini imevunjika. Kila fonti ina meza zake zinazosema: umbo la herufi hii linaanzia hapa, upana wake ni huu. Programu inasoma meza hizo kabla ya kuchora herufi hata moja. Ikiwa meza inaelekeza mahali ambapo hakuna kitu, programu inasimama, inatoa onyo, au inaacha nafasi tupu. Herufi «fi» ni mfano mzuri. Fonti nyingi zina umbo moja linalounganisha f na i. Likikosekana umbo hilo moja, herufi zote mbili zinapotea pamoja, na maneno mengine yote yanabaki mazima. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma ukurasa mzima haraka asione kitu.

Fonti inavunjika namna gani? Njia zinajulikana. Fulashi imechomolewa kabla faili haijamaliza kunakiliwa. Faili imetumwa kwa simu, mtandao ukakatika katikati. Mtu amechukua sura tatu zilizoandikwa kwenye ordinateri tatu, akaziunganisha kwa programu ya bure ya simu ambayo haikupanga fonti vizuri. Au fonti yenyewe ni ya zamani: mwezi wa kwanza 2023 kampuni ya Adobe, ambayo ndiyo ilizindua PDF mwaka 1993, iliacha kushughulikia fonti za aina ya Type 1 katika programu zake za kutengenezea kazi.

Hapa kuna kauli moja inayosikika sana na inayodanganya wengi: «Kwenye simu yangu inafunguka vizuri, basi faili haina kosa.» Si kweli. Programu moja inavumilia makosa, nyingine haivumilii. Simu inaweza kuziba pengo kimya kimya kwa fonti yake yenyewe, wakati mashini ya kuchapisha inadai kila kitu kiwe mahali pake. Faili kufunguka si ushahidi kwamba ni nzima.

Basi mtu afanye nini? Kuna utaratibu ambao hautaki fundi mkubwa. Kwanza, nakili faili upya kutoka ilikotoka, ulinganishe uzito wake na ule wa faili ya asili. Ikiwa ni nyepesi zaidi, ilikatika njiani, na kazi imeishia hapo. Pili, ifungue kwa programu nyingine, kwenye ordinateri nyingine. Tatu, katika Acrobat Reader ingia «Fichier», halafu «Propriétés», halafu «Polices». Fonti isiyo na neno «incorporé» pembeni yake haimo ndani ya faili. Fonti yenye herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha mbele ya jina lake si ugonjwa: maana yake ni kwamba faili imebeba herufi zinazotumika tu, ili iwe nyepesi.

Nne, na hii ndiyo dawa yenyewe: rudi kwenye faili ya Word au LibreOffice iliyoandikiwa kazi, utengeneze PDF upya, kwenye ordinateri ambayo ina fonti hizo. Ukiweza, chagua PDF/A. Hiyo ni aina ya PDF iliyowekwa mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi maandishi kwa miaka mingi, na sheria yake inadai fonti zinazotumika ziwe ndani ya faili. Anayehifadhi PDF peke yake na kufuta faili ya kuandikia amejikata mkono mwenyewe.

Wachapishaji wengi wana njia yao ya mkato: kuchapisha kila ukurasa kama picha. Tuseme ukweli, njia hiyo imeokoa watu wengi saa kumi na moja jioni. Pale ambapo umbo linaonekana vizuri kwenye kioo lakini linapotea kwenye karatasi, inafaa. Lakini haiponyi kitu. Herufi ambayo haipo kwenye kioo haitakuwepo kwenye picha. Na mtu akihifadhi faili yake kama picha tupu, hakuna atakayeweza kutafuta neno ndani yake wala kunakili sentensi moja. Mwanafunzi wa mwaka ujao akitaka kusoma kazi hiyo kwenye ordinateri, atakuta picha za maneno.

Sasa kuhusu pesa. Duka linalotoa karatasi 420 bila kutoa hata ukurasa mmoja wa kujaribu limekubali hasara hiyo lenyewe. Mchapishaji ndiye anayeijua kazi, ndiye anayeona onyo kwenye kioo, na ndiye anayebonyeza. Atoe kwanza kurasa tatu: jalada, ukurasa mmoja wa maandishi, na ukurasa mmoja wenye jedwali. Mteja asome, aseme ndiyo kwa sauti mbele ya watu. Baada ya hapo, hasara ikitokea ni ya mteja. Kabla ya hapo, ni ya duka. Sheria hiyo ndogo, ikiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni, ingemaliza nusu ya kelele.

Lakini vyuo navyo visijifiche. Vingi vinadai kazi iandikwe kwa Times New Roman, ukubwa wa 12, bila kujiuliza wanafunzi wanaandikia wapi. Fonti hiyo ni mali yenye mwenyewe, na simu nyingi ambazo vijana wanaandikia kazi zao hazina. Simu inaweka nyingine, mistari inasogea, halafu mwalimu anamkemea mwanafunzi kwa uzembe. Kuna fonti za bure, kama Liberation Serif, iliyotengenezwa ili upana wa herufi zake ulingane na ule wa Times New Roman. Chuo kinaweza kuandika kwamba zote mbili zinakubaliwa, kikatoa faili moja ya mfano iliyopangwa tayari, na kupokea PDF/A. Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo.

Wanaotoa vitabu katika lugha za nchi wana sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu. Lingala inayoandikwa kwa utaratibu wa shule ina ɛ na ɔ, na wakati mwingine alama ya sauti juu yake. Si kila fonti inazo. Fonti za bure kama Charis SIL na Gentium zilitengenezwa kwa kazi ya namna hiyo, na ruhusa yake inakubali ziwekwe ndani ya faili. Kitabu cha kusomea ambacho kimejaa visanduku vitupu kinamfundisha mtoto kwamba lugha ya nyumbani haiandikiki. Hilo ni kosa zito kuliko karatasi 420.

Umeme wa Kalemie hautengenezwi na mwanafunzi, wala bei ya wino haipangwi na mwenye duka. Lakini ukurasa wa kujaribu, faili ya asili iliyohifadhiwa na PDF iliyobeba fonti zake, hayo yako mikononi mwa watu wenyewe. Aliye na kazi ya kutoa mwezi huu ashike fulashi yake, aende siku tatu kabla ya tarehe, na asome kurasa zake tatu kabla ya kulipa.