NYUMBA NA JAMAA: Televisheni Huchaguliwa Nyumbani, Hununuliwa Dukani

Iko nyumba moja katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambamo televisheni kubwa ya kioo chembamba imesimama juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Haikuharibika, wala rimoti yake haikupotea. Ilinunuliwa mjini Mbarara kwa fedha nyingi, ikaletwa kwa shangwe, ikawashwa usiku wa kwanza. Na kabla taarifa ya habari haijamalizika, betri ya sola ikaishiwa nguvu na nyumba nzima ikawa gizani. Tangu siku hiyo huwashwa kwa nadra, tena siku za jua kali tu.

Kosa la mwenye nyumba hiyo halikuwa ujinga. Alifanya wafanyavyo wengi: alichagua televisheni dukani, mbele ya safu ya vioo vinavyomeremeta, huku muuzaji akimtajia majina asiyoyafahamu. Yafaa ieleweke kwamba televisheni huchaguliwa nyumbani. Dukani mtu huenda kuinunua tu. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: umeme uliopo, mawimbi yanayofika, na ukubwa wa chumba. Mwenye kuyajua hayo kabla ya kupanda taksi hababaishwi na maneno ya mtu.

UMEME ULIOPO

Koplo mmoja wa polisi, jirani wa nyumba hiyo, alikuwa amedunduliza shilingi 650,000 kwa muda wa miezi kumi, pamoja na mkewe anayeuza mandazi. Naye alivutiwa na televisheni ya inchi 43 kama ile ya jirani. Mkewe hakumpinga mbele ya watoto. Alingoja jioni, akasema, "Baba Watoto, kabla hatujaenda mjini, tumwite fundi aliyetufungia sola atuambie betri yetu ina nguvu kiasi gani. Isije televisheni ikala taa za watoto wanaosoma."

Fundi huyo, mkimbizi kutoka Kivu, alikuja na kalamu. Hesabu yake ni rahisi, na kila nyumba yaweza kuifanya. Betri yao ilikuwa ya volti 12 na ampea 50 kwa saa. Mara 12 mara 50 ni 600. Hiyo ndiyo hazina ya betri, ikihesabiwa kwa wati kwa saa. Lakini betri ya kawaida ya risasi na asidi haipaswi kukamuliwa yote, kwa kuwa hufa mapema. Busara ni kutumia nusu yake, yaani 300.

"Sasa tazama, Afande," akasema fundi. "Ile ya inchi 43 yaweza kula wati 80. Ukiitazama saa nne kwa usiku mmoja ni 320. Hapo umekwisha kupita nusu, na inveta inayogeuza umeme wa betri nayo hula sehemu yake. Hujawasha taa hata moja."

Zipo televisheni zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, ambazo hutumia umeme wa volti 12 moja kwa moja bila inveta. Ya inchi 32 yenye kula wati 30 itatumia 120 kwa saa nne. Katika zile 300 zitabaki 180 kwa taa na simu. Aghalabu idadi ya wati huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma ya televisheni. Mnunuzi asione haya kuomba igeuzwe ili akisome. Tena akumbuke miezi ya mvua, ambapo paneli haivuni jua la kutosha na hata hesabu nzuri hupungua.

Kwa familia zilizo na umeme wa gridi, kama zile za kambi ya Makenke na za mjini Mbarara, hofu ya giza ni ndogo, lakini hesabu ni ile ile. Televisheni ya wati 50 ikiwashwa saa nne kila siku hutumia yuniti 6 hivi kwa mwezi. Ya wati 100 hutumia 12. Penye umeme unaopanda na kushuka, kifaa cha kukinga vyombo kinunuliwe siku ile ile. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya kioo kipya.

MAWIMBI YANAYOFIKA

Jambo la pili huwakanganya watu zaidi. Zamani antena na televisheni vilitosha. Utaratibu huo ulianza kuondolewa nchini Uganda mwezi Juni 2015, mitambo ya mfumo wa analogi ilipozimwa kuanzia eneo la Kampala, kwa kufuata muda uliokubaliwa na mataifa huko Geneva mwaka 2006. Mfumo wa sasa ni wa dijitali, na aina iliyochaguliwa na Uganda, sawa na Kenya na Tanzania, huitwa DVB-T2.

Herufi hizo ndizo za kushikwa kichwani kuliko zote zilizochapwa kwenye boksi. Televisheni yenye DVB-T2 ndani yake hupokea vituo visivyolipiwa, kama UBC, kwa antena tu, bila kununua king'amuzi, kile ambacho wengi hukiita dikoda. Televisheni iliyoandikwa DVB-T, bila ile 2, ni ya mfumo uliotangulia na haitavipata. Vivyo hivyo zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au la Japani: zaweza kuwa nzuri sana, lakini mfumo wao wa mawimbi ni mwingine, na nyingine hudai umeme wa volti 110 au 100, hali Uganda hutumia 240.

Vituo vya kulipia ni habari nyingine. Hivyo vimefungwa kwa makusudi, na kila kampuni hutoa king'amuzi chake, hata kama televisheni ina T2. GOtv hupokelewa kwa antena; DStv na Azam kwa ungo; StarTimes ina njia zote mbili. Familia inayopenda vipindi vya Kiswahili kutoka Tanzania yaweza kuvutiwa na Azam, lakini ihesabu kwamba ungo, king'amuzi na ada ya kila mwezi ni gharama zisizoandikwa kwenye bei ya televisheni. King'amuzi nacho hula umeme, kwa hiyo mwenye sola akitie katika hesabu ya betri.

Isingiro ni nchi ya vilima. Nyumba mbili zilizotenganishwa na kilima kimoja zaweza kupata mawimbi tofauti kabisa. Njia ya hakika ni kuwauliza majirani watatu: wanatumia antena au ungo, na wanapata vituo gani. Mke wa koplo alizunguka asubuhi moja tu, akarudi na jibu ambalo muuzaji wa Mbarara asingeweza kulijua.

UKUBWA WA CHUMBA

Inchi za televisheni hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Inchi 32 ni sentimita 81 hivi. Katika chumba ambacho mtazamaji hukaa mita mbili kutoka ukutani, ukubwa huo unatosha kabisa. Chumba cha kambini chenye kitanda, meza na watoto wanne hakihitaji kioo cha ukumbi wa sinema. Apimaye kwa kamba nyumbani hatadanganywa na macho dukani, maana katika duka pana hata televisheni kubwa huonekana ndogo.

MANENO YA DUKANI

Baada ya hayo matatu, majina ya dukani hupoteza makali yake. LED maana yake ni kwamba kioo huangazwa kwa taa ndogo ndogo zisizokula umeme mwingi. Karibu televisheni zote mpya za bei nafuu ni za aina hiyo, kwa hiyo si sababu ya kuongezewa bei. HD, Full HD na 4K ni hesabu ya nukta zinazounda picha: kadiri zinavyozidi ndivyo picha inavyokuwa safi. Lakini kwa kioo cha inchi 32 kinachotazamwa kutoka mita mbili, jicho la kawaida hupata shida kuona tofauti ya HD na Full HD, na 4K haina faida hapo.

Smart ni televisheni inayoweza kuingia katika intaneti. Ni jambo jema kwa mwenye intaneti ya kudumu. Kwa anayenunua bando dogo dogo la simu, filamu moja yaweza kumaliza bando la wiki. Wengi walioko Nakivale hutosheka na tundu la USB, ambalo huchezesha filamu na mafundisho kutoka kwenye flashi.

SIKU YA KUNUNUA

Koplo na mkewe walifika Mbarara mapema, wakiwa na karatasi yenye mistari minne: inchi 32, volti 12, DVB-T2, tundu la USB. Muuzaji wa kwanza aliwaonyesha inchi 43 na kusema, "Afande, mtu wa cheo chako atatazama kitu kidogo namna hii? Lipa nusu leo, nyingine utalipa polepole."

Koplo alinyamaza. Ushawishi wa heshima ni mkali kuliko wa bei. Mkewe akasema kwa upole, "Kaka, cheo ni chake, lakini betri ni ile ile." Wakatoka.

Hapo ndipo nyumba nyingi huteleza. Askari wengi wa polisi huweka akiba katika ushirika wa Exodus, na wanajeshi katika Wazalendo, mkopo hupatikana. Lakini televisheni haizai. Mkopo wa kununua ng'ombe, cherehani au kiwanja waweza kujilipa. Mkopo wa kioo kikubwa hulipwa na karo ya mtoto.

Katika duka la tatu walipata waliyoitaka. Hawakukubali kupewa boksi lililofungwa. Walitaka lifunguliwe, televisheni iwashwe, itafute vituo kwa antena, na flashi ya mtoto wao ichezeshwe. Walitazama kioo kikiwa cheusi, kisha cheupe, wakitafuta doa au mstari. Walilinganisha jina lililoandikwa kwenye boksi, kwenye televisheni na lile linalotokea inapowashwa, kwa sababu ziko bidhaa zenye majina yaliyobadilishwa herufi moja ili yafanane na ya kampuni kubwa. Mwisho walidai risiti yenye namba ya televisheni, na dhamana iliyoandikwa muda wake pamoja na mahali pa matengenezo. Dhamana ya mdomo hufia mlangoni mwa duka.

Safari ya kurudi ina vumbi na mashimo. Televisheni nyembamba isafirishwe ikiwa imesimama wima ndani ya boksi lake, si kulazwa chini ya magunia. Vioo vingi hupasuka njiani, na dhamana nyingi haziwajibiki kwa ajali hiyo.

Jioni ile koplo aliwaonyesha majirani televisheni yao. Mmoja akaiita ndogo, na koplo hakujibu. Kufika saa tatu za usiku taarifa ya habari ilikwisha, picha ikiwa safi, na binti yao mkubwa alikuwa bado anafanya hesabu zake chini ya taa. Shilingi zilizosalia ziliwekwa kando kwa ajili ya muhula unaofuata.

Basi kila baba na kila mama anayekusudia kununua televisheni aanze leo kwa kusoma maandishi ya betri au ya mita yake, kuwauliza majirani, na kupima chumba kwa kamba. Aandike majibu kwenye karatasi. Karatasi hiyo haigharimu kitu, nayo itamlinda mbele ya muuzaji hodari kuliko wote mjini.