Tuwalinde Watoto, na Tuwaache Wakue



  

Mwaka huu nimeona mambo mawili hapa Nyakasimbi ambayo yamenifanya nishike kalamu.

La kwanza, jioni moja mwanafunzi wangu wa miaka 12 alibaki mlangoni pa madrasa baada ya wenzake kuondoka. Siku zote kaka yake humleta na kumfuata kwa pikipiki, na siku ile kaka hakutokea. Kwao ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, lakini mtoto alikuwa analia, kwani hajawahi kuipita njia ile peke yake.

La pili, baada ya sala ya Isha nilikutana na binti wa miaka 8 gizani, ametumwa sukari dukani. Nilimsindikiza hadi kwao. Baba yake akaniambia, "Usijali Ustadhi, huyu ameshazoea."

Wazazi hawa wote wanawapenda watoto wao. Lakini mmoja amelinda bila kufundisha, na mwingine ameachia bila kulinda. Mtoto ni amana kwetu. Ana haki ya kulindwa, na ana haki ya kuandaliwa kwa siku ambayo sisi hatutakuwepo.

HOFU INA SABABU

Siwalaumu wazazi wanaoogopa. Mwezi Mei 2024, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliporwa wilayani Muleba, hapa mkoani kwetu Kagera, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana. Aidha, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Lakini tuzingatie jambo moja. Mtoto wa Muleba hakuchukuliwa porini, alichukuliwa nyumbani. Na katika utafiti ule, majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Kwa hiyo kumfungia mtoto ndani hakutoshi kumlinda. Anayefungiwa bila kufundishwa hajui hata kumtambua mtu mbaya anapoingia mlangoni akiwa na pipi mkononi.

MAFUNDISHO YA DINI YETU

Tumtazame Nabii Yaqub (a.s) katika Surat Yusuf. Alimhofia Yusuf kuliwa na mbwa mwitu, akawaeleza wanawe hofu yake, kisha akamruhusu aende. Yaliyompata tunayajua. Baada ya miaka mingi njaa ilipobana, aliombwa amruhusu mdogo wake Yusuf aende Misri pamoja na kaka zake. Mzee huyu alikuwa ameshaumia, na angeweza kukataa kabisa. Badala yake alichukua ahadi kwao kwa jina la Allah, akawaelekeza waingie mjini kwa milango mbalimbali, kisha akamtegemea Mola wake. Hakuizuia safari, aliiwekea utaratibu.

Vilevile katika Suratun-Nisaa aya ya 6, walezi wa mayatima wanaamrishwa kuwajaribu kabla ya kuwakabidhi mali zao. Kama mali haikabidhiwi bila majaribio, vipi mtoto akabidhiwe nafsi yake yote kwa siku moja? Ndivyo inavyokuwa kwa anayefungiwa mpaka amalize darasa la saba, kisha anapandishwa basi kwenda Mwanza kutafuta kazi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwaachie kwa hatua. Sisi ni wakulima wa kahawa na jambo hili tunalijua. Miche hukaa kitaluni chini ya kivuli, na ikikaribia kupandikizwa kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili izoee jua. Ukiitoa ghafla inanyauka. Ukiiacha kitaluni daima, hutavuna kitu.

Pili, tufundishe kabla ya kuachia. Mtoto ajue njia, jina la kitongoji chake na namba ya simu ya mzazi. Ajue kukataa kupanda pikipiki ya mtu ambaye mzazi hakumtuma. Ajue kuwa mwili wake una heshima. Suratun-Nuur aya ya 58 inawafundisha hata wasiobaleghe adabu ya kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha. Na ajue kuwa namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Tatu, tuwasikilize. Hapa nakiri kosa langu. Nilikuwa nikimchapa kila anayechelewa bila kumuuliza sababu. Siku moja mwanafunzi akaniambia kuwa huzunguka njia ndefu ili kumkwepa mtu mzima anayemwita kichakani. Nilimchapa mara ngapi kwa kujilinda? Nilimwomba radhi, na tukalifikisha jambo hilo kwa wazazi na kwa uongozi wa kijiji. Anas bin Malik (r.a) alipokuwa mtoto alitumwa na Mtume (s.a.w), akachelewa kwa kukuta watoto wanacheza. Mtume alimfuata kwa tabasamu, si kwa fimbo. Mtoto anayeogopa fimbo yako hatakuletea habari mbaya mapema.

Nne, tusibague. Wapo wanaosema wa kiume aachiwe, wa kike afungiwe. Takwimu nilizozitaja zinaonyesha kuwa wa kiume naye hudhuriwa. Na wa kike naye atasafiri, atafanya biashara na atalea watoto. Naye anahitaji kuijua njia.

Na nyinyi wanafunzi wangu, mzazi akikuuliza unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi, usidhani anakudharau. Mjibu ukweli. Ukirudi kwa wakati leo, kesho atakuruhusu uende mbali zaidi. Uaminifu wako ndio unaokuongezea uhuru.

Yule kijana wa miaka 12 siku ile nilimsindikiza mwenyewe. Nilizungumza na mama yake, tukakubaliana. Wiki ya kwanza kaka yake alitembea naye, ya pili alimfuata kwa mbali. Sasa anakuja kwa miguu pamoja na watoto wawili wa jirani, na hufika kabla ya wengine. Baba wa yule binti naye alinielewa. Sukari hununuliwa mchana.

Tumuombe Allah (s.w) awahifadhi watoto wetu waliopo mbele ya macho yetu na walio mbali nasi, na atupe hekima ya kujua lini tuwashike mkono na lini tuuachie. Amin.

Wabillahi tawfiq.