TUIJUE SHERIA: Unakaa Pangani, Unashtakiwa Tanga



Tuseme wewe unakaa Pangani. Nasema Pangani yetu hii ya Kibaha, siyo ile ya Tanga. Umemuuzia mihogo mfanyabiashara wa Tanga mjini. Hakukulipa. Una hasira. Unawaandikia barua wenzake wa sokoni kule Tanga: "Huyu ni mwizi." Baada ya miezi miwili unaletewa hati ya kuitwa mahakamani. Umeshtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Na mahakama inayokuita iko Tanga.

Utasema, "Mimi sikai Tanga. Kama anataka, anishtaki Kibaha." Sivyo, ndugu yangu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inampa mdai nafasi ya kuchagua. Anaweza kukushtaki mahali unapokaa. Anaweza pia kukushtaki mahali jina lake lilipochafuliwa. Barua yako ilisomwa Tanga, basi jina lilichafuka Tanga. Ukiandika kwa simu ni vile vile.

Je, maneno yakivuka mpaka wa nchi? Sikiliza habari hii ya Kenya.

Waingereza wawili, Dk. Iain West na Chester Stern, waliandika kitabu. Dk. West alikuwa daktari wa kupima maiti ili kujua mtu amekufaje. Ndani ya kitabu walieleza pia kifo cha Dk. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, aliyeuawa mwaka 1990. Kitabu kilitoka Uingereza, lakini kiliuzwa madukani Nairobi. Waziri Nicholas Biwott alisema kimemchafulia jina. Hakwenda London. Alifungua kesi Nairobi. Mwezi Desemba 2000, Jaji Alnashir Visram aliamua alipwe shilingi milioni 30 za Kenya. Hata wauza vitabu walishtakiwa, na wao hawakuandika neno hata moja!

Lakini kushinda ni jambo moja, na kulipwa ni jambo jingine. Hukumu ya Nairobi haiuzi nyumba ya mtu London mpaka mahakama ya huko ikubali. Wewe wa Pangani huna kinga hiyo. Tanga na Kibaha zina sheria moja. Hukumu ya Tanga inaweza kuletwa Kibaha, na mali yako ikakamatwa.

Basi hati ikifika, usiichane. Usimfukuze aliyeileta. Ukikaa kimya, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja tu. Peleka majibu yako kwa maandishi. Kama uliyosema ni kweli na unaweza kuyathibitisha, eleza hivyo, maana ukweli ni utetezi. Kama barua aliisoma yeye peke yake, eleza hilo pia. Jina huchafuka mbele ya watu wengine. Na kama unaona mahakama ile haina uwezo juu yako, sema mapema kabisa. Ukichelewa, pingamizi lako linaweza kukataliwa.

Huna fedha za wakili? Uliza ofisi ya kata mahali walipo wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Majibu hutakiwa ndani ya siku 21. Kama hati imetoka Zanzibar, soma vizuri siku ulizopewa, kwa kuwa Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za madai. Siku huhesabiwa tangu ulipopokea hati. Tarehe hiyo iandike hata ukutani kwa mkaa.